Kuchora Nako ni Kazi

Ukitaka kujua ofisi ndogo ya usanifu wa picha Kariakoo inaishije, achana na kazi nzuri zilizotundikwa ukutani, omba ankara zake za mwezi mzima uzisome. Utakuta kadi, fulana, bango la mita tatu kwa mbili, stika, mihuri. Karatasi ina bei, wino una bei, bodaboda aliyepeleka mzigo naye analipwa. Aliyekesha akifikiri na kuchora hamo humo. Kwa desturi ya mitaa yetu dizaini ni bure kwa mteja anayechapisha, na mteja analijua hilo kabla hajapanda ngazi.

Novemba hii ofisi yetu iliiacha desturi hiyo. Kila ankara iliwekewa mstari mpya ulioandikwa "Ubunifu", na masharti chini yake: nusu ya malipo kabla kazi haijaanza, marekebisho mara mbili, yakizidi hapo yanalipiwa. Mwezi umekwisha na hesabu nimezifunga. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba kila mwenye ofisi kama yetu anapaswa kufanya hivyo, hata kama jirani wa mlango wa pili anachora bure.

Novemba si mwezi wa kulala. Kamati za harusi za Desemba zinataka kadi, vyuo vina mahafali, na kampuni zinakumbuka kalenda kwa pamoja. Kalenda yenyewe watu huidhania ni picha ya mkurugenzi juu na tarehe chini. Mapinduzi tarehe 12 Januari, Karume tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26 mwezi huohuo, hizo hazisumbui. Pasaka inahama kila mwaka. Idd el Fitr, Idd el Haji na Maulid zinategemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo unaweka tarehe inayotarajiwa na kuitia alama ili msomaji ajue inaweza kusogea. Siku moja ikikosewa, kosa linaning'inia kwenye kuta za watu mwaka mzima likiwa na jina la kampuni juu yake. Ukaguzi huo unakula jioni nzima, na kwenye ankara za zamani haukuwa na hata senti.

Kazi iliyonifundisha zaidi mwezi huu ni ya mama mmoja wa Mbagala anayetengeneza achari ya embe. Alikuja na kopo lake mkononi na picha kwenye simu.

"Dada, nataka lebo kama hii, lakini iandikwe jina langu. Ni kubadilisha maneno tu."

Nilimwomba akae, nikalishika lile kopo. Lilikuwa la mviringo, limebana katikati, mafuta yamechuruzika mpaka chini. Stika ya karatasi ingelowa na kubanduka ndani ya wiki, kwa hiyo ilihitajika ya plastiki, tena fupi, ikae juu ya kile kiuno isikunjamane. Halafu wekundu wa pilipili alioupenda kwenye simu usingetoka vile. Kioo cha simu kinaunda rangi kwa mwanga wa aina tatu, nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa inaunda kwa wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Wekundu unaowaka kwenye kioo unafika kwenye stika umefifia, karibu na rangi ya matofali. Tulichapa vipande vidogo vya majaribio, tukavibandika kwenye kopo lenyewe, tukatoka navyo nje kuvitazama juani, maana achari huuzwa gengeni.

Hapo bado hatujagusa maneno. Lebo ya chakula inatakiwa kuonyesha jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Picha aliyokuja nayo ilikuwa na alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, naye alitaka ibaki kwa sababu "inapendezesha". Nilimweleza kwamba alama ile haiwekwi mpaka shirika lenyewe limpe leseni ya kuitumia. Msimbo pau nao haukopwi kwenye intaneti. Ule wa Tanzania unaanza na 620 na husajiliwa kwa jina la mwenye bidhaa. Aliondoka na lebo isiyo na alama hizo ila yenye nafasi tupu zilizopangwa vizuri, siku atakapozipata tuziingize bila kuvuruga mchoro mzima.

Nilipomwonyesha ankara, kidole chake kilisimama kwenye mstari wa ubunifu.

"Na hii nayo ni nini?"

Nikamuuliza akipeleka kitenge kwa fundi cherehani, hulipa kitambaa na ufundi kwa pamoja? Alifikiri kidogo, akasema fundi ni fundi. Alilipa.

Si wote waliolipa. Wapo waliocheka, wapo walioshuka ngazi na kwenda kwa jirani, na mmoja alirudi siku ya pili akiwa na picha iliyotengenezwa na programu ya akili mnemba, maneno ya Kiswahili yakiwa yamepinda herufi, akiomba "tuisafishe kidogo". Kuisafisha kulimaanisha kuichora upya yote. Nilimwambia hivyo, nikamtajia bei.

Ugumu hasa ulikuwa kwenye kadi za harusi, na hapo ndipo naona suala hili haliwezi kusubiri. Zamani kadi za mchango na za mwaliko zilichapwa kwa mamia, na faida ya karatasi ilimlisha mchoraji bila mtu kugundua. Siku hizi kamati inataka kadi ya kutuma WhatsApp, kila mgeni na jina lake na msimbo wa kuskani mlangoni. Mwenyekiti wa kamati moja, mzee mwenye adabu sana, aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, sasa kama hakuna karatasi, tunalipia nini?" Swali lake ni la haki. Biashara yetu nzima ilikuwa imejificha nyuma ya karatasi, na karatasi inaondoka. Tukiendelea kusema kuchora ni bure, tutabaki tunauza bure peke yake.

Kinachoniuma zaidi ya fedha ni kumbukumbu. Mwaka 2017 Watanzania walimsikia Mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kama Ngosha, akiishi kwa dhiki Buguruni huku akieleza kwamba alishiriki kuchora ngao ya taifa. Alifariki Mei mwaka huohuo katika Hospitali ya Muhimbili. Wapo waliojitokeza kusema mchoraji ni mtu mwingine. Alama iko kwenye kila pasipoti yetu, na bado wananchi walibaki wakibishana nani ameichora. Tangu mwaka 1999 tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki inayolinda kazi za sanaa, michoro ikiwemo. Lakini sheria inahitaji cha kushika. Ankara yenye neno "Ubunifu", tarehe, jina la aliyechora na sahihi ya mteja ni karatasi ndogo, ila ni ushahidi.

Kwa upande wa fedha, oda zilipungua na kilichobaki mfukoni kikaongezeka. Sharti la nusu ya malipo lilitusaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu Novemba ndiyo mara ya kwanza tumelipa kodi ya pango bila kusubiri deni la taasisi moja ambayo huchukua mzigo leo na kulipa ikipenda. Kijana anayechora nami alipata posho ya michoro yake, kando na mshahara. Hiyo ndiyo sehemu ya hesabu niliyoisoma mara mbili kwa furaha.

Majirani wawili wa ghorofa yetu wameshaniomba nakala ya masharti. Mmoja ameyaongeza marekebisho yakawa matatu, akisema wateja wake wa mahafali hawatulii kwenye mbili. Mwingine anaanza na kalenda, ndipo ajaribu kadi.