Unguja hadi Tanga kwa usiku mmoja: nani hasa anaisukuma jahazi?

Tuseme wewe, wenzako watano wa maabara na wageni wawili mmepanga kutoka Unguja mjini kwenda Tanga kwa jahazi. Ni mwezi wa Julai. Nahodha anawaambia, "Tunang'oa nanga saa 4 usiku, jua likichomoza tupo Tanga." Umbali ni kama kilomita 120. Chombo chenyewe ni cha mbao na tanga. Je, anawapa moyo tu, au hesabu zinakubali?

Zinakubali. Twende hatua kwa hatua.

Msukumo wa kwanza: upepo

Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, pwani yetu hupigwa na kusi, upepo utokao kusini. Tanga iko kaskazini ya Unguja, kwa hiyo kusi inakusukuma kutoka nyuma. Mchana, nchi kavu ikishapata joto, upepo wa kutoka baharini hujiunga na kusi. Ndiyo maana bahari ya alasiri huchafuka.

Usiku mambo hugeuka. Mchanga hupoa haraka, maji hupoa polepole, maana maji yanahitaji kupoteza joto karibu mara tano zaidi ya mchanga wa uzito uleule ili yashuke nyuzi moja. Hewa ya nchi kavu inapokuwa baridi na nzito, huanza kutiririka kuelekea baharini. Huu ndio umande wa mabaharia, siyo ule wa kwenye majani tu. Kwa jahazi inayokwenda kaskazini, umande unatokea ubavuni.

Na upepo wa ubavuni ni mzuri kuliko unavyofikiri. Upepo wa nyuma, kadiri unavyouongezea mwendo ndivyo unavyoukimbia, hivyo tanga linaupata kidogo zaidi. Upepo wa ubavuni huukimbii, na tanga hufanya kazi kama bawa la ndege.

Msukumo wa pili: mkondo

Huu wageni wako hawatauona kabisa. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi hupata nguvu, na nje kwenye kina kirefu unaweza kufika mita 2 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 7 kwa saa. Kati ya Unguja na bara maji ni machache, na mkondo ni mpole zaidi.

Tupige hesabu. Chukua jahazi inayokata maji kwa kilomita 11 kwa saa, na mkondo wa kilomita 3 kwa saa:

- Bila mkondo: 120 ÷ 11, karibu saa 11.
- Mkondo ukikusaidia: 120 ÷ 14, saa 8 na nusu hivi.
- Mkondo ukikupinga: 120 ÷ 8, saa 15.

Umeona? Ukiondoka saa 4 usiku na mkondo nyuma yako, unafika saa 12 na nusu asubuhi. Chombo kilekile kikirudi kwa mwendo uleule kitachukua saa 15, na hapo bado hatujahesabu kupiga bisha dhidi ya kusi.

Basi kwa nini tusiongeze tanga?

Kwa sababu chombo hujiwekea mpaka chenyewe. Kikienda, kinatengeneza wimbi. Wimbi hilo likishakuwa na urefu sawa na chombo, ni kama unapanda mlima usioisha. Kanuni ya haraka: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa chombo majini kwa mita, zidisha kwa 4.5. Chombo cha mita 9 kinapata kilomita 13.5 kwa saa. Cha mita 16 kinapata 18. Ngalawa huponyoka kwa sehemu kwa sababu ni nyembamba sana, wimbi lake ni dogo.

Mwendo si kila kitu

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, na mamia walipoteza maisha. Fizikia yake haibagui meli na jahazi. Mzigo ukizidi, chombo huzama chini zaidi na maji hukaribia ukingo. Watu wakisimama, kitovu cha uzito hupanda juu. Wote wakikimbilia upande mmoja kuangalia pomboo, chombo huinama, na ule uwezo wa kujirudisha wima unaweza kuisha.

Kwa hiyo nahodha akimwambia mgeni wako, "Bibie, kaa chini tafadhali," hamfokei. Anashusha kitovu cha uzito.

Pia sasa unajua kwa nini hamkuondoka saa 11 jioni. Kwa mwendo ule mngefika kama saa 7 na nusu usiku, gizani, penye miamba. Na kimo cha maji kati ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hutofautiana hadi mita 4 hivi: mwamba uliofunikwa vizuri sasa, baada ya saa 6 unaweza kuwa umetoa kichwa.

Kabla ya kupanda, uliza mambo matatu: chombo kimeruhusiwa watu wangapi, majaketi ya kujiokolea yanatosha kila mmoja, na tutafika maji yakiwa yanajaa au yanakupwa? Nahodha mzuri atajibu yote bila kusita. Akisita, lala Unguja. Tanga haihami.