Mgeni wa Majuma Machache

Je, wajua kwamba mwaka 1963, jarida la kitabibu lilipochapisha ripoti ya ugonjwa wa kucheka uliotikisa wilaya ya Bukoba, ndio mwaka kidonge mashuhuri cha kutuliza hofu kilipoingia sokoni Marekani? Mambo hayo mawili yanahusiana kwa kalenda tu. Lakini ukiyatazama pamoja, unaanza kuona kidonge hicho kinaweza nini na hakiwezi nini.

Kidonge chenyewe ni diazepamu, ambayo wengi tunaiita kwa jina lake la biashara, Valium. Katika wodi za Kagera, mkoa ilipo Bukoba, sifa yake kubwa si kutuliza wasiwasi. Mtoto mwenye malaria kali akishikwa na degedege, diazepamu hudungwa mshipani au hupitishwa njia ya haja kubwa, na mara nyingi mtetemeko hukoma ndani ya dakika chache. Hutumika pia kwa pepopunda, kwa kifafa kinachogoma kukatika, na kwa mlevi wa muda mrefu anayetetemeka baada ya kuacha pombe ghafla. Dawa ya kazi nyingi namna hii haistahili kuitwa sumu. Wala haistahili kugawiwa kama peremende.

Aliyeitengeneza ni mkemia Leo Sternbach, mzaliwa wa Opatija, mji ambao leo uko Kroatia. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1941 alihamia Marekani, akaendelea kufanya kazi katika kampuni ya Roche huko Nutley, New Jersey. Kemikali alizokuwa akizichunguza zilimkatisha tamaa, akaziweka kando. Mwaka 1957, wakati wa kusafisha maabara, mwenzake akagundua unga mmoja ambao haujawahi kupimwa. Ulipopewa wanyama, walitulia bila kuzimika. Unga huo ndio uliouzwa kuanzia mwaka 1960 kwa jina la Librium, na miaka mitatu baadaye akafuata ndugu yake mwenye nguvu zaidi, diazepamu.

Turudi kwenye ule ugonjwa wa kucheka wa Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni ya Kashasha walianza kucheka na hawakuweza kujizuia. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walicheka, wakalia, wakahangaika huku na huko, na aliyejaribu kuwashika alipambana nao. Waliporudishwa makwao, ugonjwa ulirudi nao: huko Nshamba watu 217 waliupata, wengi wao vijana. Wahaya waliuita enwara yokusheka. Wapo waliodhani hewa imeharibiwa na mabomu ya atomiki. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip waliandika kwamba vipimo, hata vya maji ya uti wa mgongo, havikuonyesha kitu. Hakuna aliyekufa, na walimu hawakupatwa.

Watafiti wa baadaye wameliona tukio hilo kuwa hofu iliyokosa mlango wa kutokea: watoto waliofungiwa bwenini, nidhamu kali, nchi inayobadilika. Mwili ulisema kile ambacho mdomo haukuruhusiwa kusema. Kwa maoni yangu hapo ndipo mpaka wa diazepamu ulipo. Ingeweza kumtuliza msichana mmoja kwa usiku mmoja. Bweni lingebaki vilevile asubuhi.

Namna inavyotuliza imejulikana vizuri tangu mwaka 1977, watafiti walipobaini mahali inapojishika katika ubongo. Seli za ubongo zina kemikali ya kuzipunguzia kelele, iitwayo gaba. Gaba ikigusa seli, vijilango hufunguka, chembe za kloridi zenye chaji hasi huingia, na seli inakuwa nzito kurusha ujumbe. Diazepamu haivifungui vijilango hivyo yenyewe. Inaifanya gaba ivifungue mara nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo, ikimezwa peke yake na mtu mzima mwenye afya, ni nadra kuua, tofauti na dawa za usingizi za zamani, barbiturati, zilizoweza kuvishikilia wazi hata bila gaba.

Maneno ya kushikilia hapo ni "peke yake". Pombe nayo inasukuma mfumo huohuo. Mtu aliyemeza kidonge jioni kisha akaketi kwenye lubisi, au gongo, amejipa dozi mbili za kitu kinachofanana, na kinachoweza kulala pamoja naye ni pumzi. Hatari ni hiyohiyo kwa dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, na Marekani imeweka onyo zito kwenye maelezo ya dawa hizo kwa ajili ya mchanganyiko huo.

Tena haitoki haraka. Damu huchukua kati ya saa 20 na 50 kupunguza diazepamu kufikia nusu, na ini linapoivunja linatoa kitu kingine chenye nguvu kinachokaa muda mrefu zaidi. Kidonge cha Jumatatu usiku kinaweza kuwa bado kazini Jumatano, wakati dereva wa bodaboda anapoteremka mlima kuelekea ziwani akijiona mzima. Kwa bibi wa miaka sabini mambo ni magumu zaidi, maana ini lake linakwenda taratibu: anaamka usiku kwenda haja, anayumba, anavunja nyonga. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huiondoa mwilini mapema. Baadhi ya dawa za fangasi na za VVU huifanya ikawie. Kwa hiyo anayeandikiwa amtajie daktari kila anachomeza, pamoja na dawa za CTC, yaani kliniki ya VVU, na aseme kama ana mimba au ananyonyesha. Atazame pia namba kwenye pakiti, kwa kuwa vipo vidonge vya miligramu 2, 5 na 10, na kumeza kimoja cha 2 si sawa na kumeza kimoja cha 10.

Halafu kuna suala la muda. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Diazepamu ni mgeni wa majuma machache. Tangu mwaka 1988 madaktari wa Uingereza wameelekezwa wasivuke majuma mawili hadi manne. Mtumiaji akizidisha hapo, ubongo unazoea kutuliziwa kelele na mwingine, na dozi ileile haitoshi tena. Ila mgeni huyu hafukuzwi usiku. Aliyetumia kwa miezi akaacha kwa siku moja anaweza kupata arosto ya kweli: kukosa usingizi, jasho, hofu kuliko ya mwanzo, hata degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa majuma au miezi, daktari akihesabu. Kuazimana vidonge kati ya majirani kunaharibu hesabu hiyo yote, na ndiyo sababu mojawapo dawa hii inatakiwa kutolewa kwa cheti tu.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ambao watu wa Bukoba, waliozika ndugu waliozama na meli ya MV Bukoba mwaka 1996, wangeufikiria kwa makini: dawa za jamii hii zisipewe waliofiwa, wala waliopatwa na mshtuko mkubwa katika mwezi wa kwanza, kwa ajili ya kutuliza huzuni na hofu hiyo. Baada ya tetemeko la ardhi lililoikumba Kagera Septemba 2016, watu waliolala nje kwa kuogopa kuta walikuwa na hofu yenye sababu. Matanga, yenye watu wa kukaa na mfiwa usiku kucha, hayana arosto.

Na kabla ya kuandika cheti, daktari mjuzi wa Kagera ana swali ambalo mwenzake wa Nutley asingelifikiria. Kahawa ya robusta ya Bukoba, ile ya kuchemshwa, kukaushwa na kutafunwa, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na kafeini kwa wingi huleta moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na usiku mrefu. Anayelalamikia wasiwasi aulizwe kwanza anatafuna buni ngapi tangu asubuhi.