Kila gari na bahasha yake

Ijumaa moja, saa kumi jioni, mama mmoja alisimama mbele ya meza yangu, risiti mkononi. Gari alikwishalilipia lote na ilikuwa wiki ya tatu analiendesha, lakini kadi ya usajili hakuwa nayo. "Mwanangu, leo unaniambia nini?" aliniuliza.

Sikuwa na la kumwambia. Gari lile lilikuwa la mali kauli: mwenyewe alilileta kwenye yadi yetu ya magari tumuuzie, na kadi angeitoa akishalipwa. Fedha za yule mama, tulizopaswa kumlipa mwenye gari, zilikuwa zimekwisha kwenda bandarini kugomboa magari mengine mawili.

Nilikuwa mhasibu wa yadi hiyo, hapa Dar es Salaam. Hakuna aliyeiba hata senti. Fedha zote ziliingia akaunti moja, na aliyepiga kelele zaidi ndiye aliyelipwa kwanza. Siku hiyo nilielewa kwamba ofisi ya uhasibu ikilala, anayeumia kwanza ni mteja.

Uhasibu wa magari si wa duka la sukari. Kilo ya leo ni sawa na ya jana, lakini kila gari lina safari yake, kodi zake na maradhi yake. Ndiyo maana kila gari linahitaji hesabu yake peke yake. Kwetu ilianza na bahasha ya kaki yenye namba ya chesisi iliyoandikwa kwa kalamu nene. Ndani tuliweka ankara kutoka Japani, hati ya shehena, makadirio ya kodi ya TRA, risiti za bandari, za wakala wa forodha na za fundi. Juu yake tulibana karatasi moja, na kila shilingi iliyotoka kwa ajili ya gari hilo iliandikwa siku ileile.

Tuchukue mfano wa gari lililofika bandarini kwa thamani ya shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Unafuata ushuru wa bidhaa, ule wa uchakavu kama gari ni kuukuu, kisha VAT ya asilimia 18, ambayo hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru huo. Haya mwenye yadi anayo kichwani. Yanayomponyoka ni madogo: betri laki mbili, tairi nne laki sita, rangi ya bampa laki moja na nusu, dalali laki tatu. Jumla ni 1,250,000. Aliyedhani amepata faida ya milioni moja na nusu amebaki na laki mbili na nusu, na wala hajui. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tulibadilisha mambo matatu. Kwanza, tulifungua akaunti ya pili kwa ajili ya amana za wateja na fedha za mali kauli. Fedha hizo si za yadi mpaka gari likabidhiwe na mwenyewe alipwe, na bosi naye alikubali kutozigusa. Pili, tulitenganisha kazi: anayepokea fedha si anayeandika leja, na kila asubuhi kabla ya saa tatu, miamala ya benki na ya simu ililinganishwa na mauzo ya jana. Mkataba, risiti ya EFD na taarifa ya benki vilipaswa kusema kiasi kimoja. Tatu, kila Jumatatu tulihesabu siku ambazo kila gari limekaa yadi. Lililozidi siku 90 lilijadiliwa bei, kwa sababu mtaji umelala humo huku riba ya mkopo ikitembea.

Hatukuongeza mfanyakazi wala kununua kompyuta mpya. Ilichotaka kazi hii ni karatasi kutembea siku ileile gari linapotembea. Programu nzuri inasaidia, ila haiwezi kuandika risiti iliyobaki mfukoni mwa fundi.

Bahasha yetu haifungwi siku ya kupokea fedha, hufungwa siku mteja anaposaini kwamba amepokea kadi. Yule mama alisaini Jumatano iliyofuata. Bahasha ya kwanza kuandikwa katika ofisi ile ilikuwa ya gari lake.