Kukata matawi ya Git bila kutupa kazi

Wandugu, wengi mnanijua kwa mambo ya maharagwe na mihogo, si ya kompyuta. Lakini leo nieleze kitu ambacho kilitaka kutupotezea kazi ya msimu muzima, juu wengi kati yenu mmeanza kutumia Git kwa TFC ao kwa kazi za kikundi.

Git ni programu inayotunza kila hatua ya faili zenu. Linus Torvalds aliitengeneza mu 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, lakini inafaa hata kwa sisi watu wa mashamba. Ukitaka kujaribu hesabu mupya bila kuharibu ile iliyo sawa, unafungua tawi. Ukimaliza, unaliunganisha na shina, lenye kuitwa main. Kufungua tawi ni rahisi sana, njo maana hakuna mutu anakumbuka kulifuta.

Tulikuwa watu 4 ku hesabu za majaribio ya maharagwe ya Kabare. Siku moja nikaandika git branch, nikahesabu matawi 37: jaribu, jaribu2, jaribu-mwisho, jaribu-mwisho-kabisa (hilo si langu!). Shida si uzito. Tawi ni jina tu linaloonyesha hatua fulani ya kazi, halijaze diski. Shida ni kupotea njia. Mwenzetu mumoja alianzia ku tawi la zamani ambamo mavuno yalikuwa bado mu gramu, wakati ku shina tulikwisha kugeuza kilo. Kidogo tu tungepelekea wakulima matokeo ya uongo.

Nikakasirika. Nikachukua mustari mumoja niliokuta fasi fulani, unaofuta matawi yote isipokuwa main. Ndani yake mulikuwa -D, herufi kubwa. Sasa musikie: git branch -d, herufi ndogo, inakataa kufuta tawi lenye kazi ambayo haijaunganishwa wala kutumwa ku serveri. -D haiulize kitu. Nikapoteza tawi ambamo nilirekebisha uzito wa mbegu kufuata unyevu wake, viwanja 48, wiki 3 za kazi. Nilikuwa sijalituma popote.

Kilichoniokoa ni git reflog, daftari la kila hatua uliyopitia mu kompyuta yako. Nikatafuta siku, nikapata namba ya hatua ya mwisho, nikaandika git branch unyevu na namba hiyo nyuma yake. Tawi likarudi. Lakini musilale juu yake: kazi isiyoshikwa tena na tawi lolote inakaa mu daftari siku 30 tu, kama hamujabadilisha mipangilio, kisha Git inaweza kuisafisha. Ukikopi mradi ku laptopu ingine kwa git clone, daftari haifuate. Na kile hukuhifadhi mu Git hata mara moja, usikitafute humo.

Sasa tunafanya hivi. Kwanza git switch main, kisha git pull, ili shina liwe na kazi yote ya karibuni. Halafu git fetch --prune. Neno hilo kwa Kiingereza ni lile lile la kukata matawi ya kahawa, nilicheka mwenyewe. Linaondoa paka majina ya matawi yaliyokwisha kufutwa ku serveri. Matawi yako ya hapa haliguse. Git branch -vv itakuonyesha yale yaliyobaki bila mwenzake wa serveri: yameandikwa gone. Usiyafute kwa sababu hiyo peke yake. Uliza git branch --merged main, inakupa matawi ambayo kazi yake yote imeingia mu shina. Soma orodha kwa macho yako (main yenyewe iko ndani!), ndipo ufute kwa -d, moja moja.

Mutego uko hapa: mara ingine wakati wa kuunganisha, serveri inabana hatua zote za tawi kuwa moja. Kazi imeingia kweli, lakini Git haitambue juu namba imebadilika. Tawi halitatokea mu orodha, na -d inaweza kukataa. Hapo njo -D iko na kazi yake, ukiisha kuhakikisha mu shina na kuuliza mwenye tawi. Kwa tawi la ku serveri, git push origin --delete, uliza mara mbili, juu hapo unagusa watu wote.

Tumebakiwa na matawi 5. Jaribu-mwisho-kabisa lingali lipo. Yaya mwenye nalo anasema bado hajamaliza.