Mali bila daftari: Vinara wa Wagiriki wa kale na vinara wetu

Mabishano ya michezo hayaishi hapa Kalemie. Nani alifunga mabao mengi zaidi? Timu ipi ilitwaa kombe mara nyingi zaidi? Wagiriki wa kale nao walibishana hivyohivyo. Hawakuwa na saa ya kupima sekunde, lakini walikuwa na orodha ya majina. Karibu mwaka 400 KK, msomi Hippias wa Elis aliwakusanya washindi wa Olympia katika orodha moja, na ndiyo sababu tunawajua mpaka leo. Hawa hapa baadhi yao, kila mmoja na mwenzake wa kwetu.

Mshindi wa kwanza kuandikwa jina
Ni Koroibos, mpishi wa Elis. Mwaka 776 KK alishinda mbio za urefu mmoja wa uwanja wa Olympia, umbali wa mita 192 hivi. Katika michezo 13 ya mwanzo hapakuwa na shindano jingine lolote. Washindi wa Olympia walivikwa taji la majani ya mzeituni. Kongo ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza Mexico mwaka 1968. Hadi michezo ya Paris ya 2024, bado tulikuwa hatujapata medali hata moja. Nafasi ya Koroibos wetu iko wazi.

Aliyeshinda mara nyingi zaidi
Leonidas wa Rhodes alikimbia katika michezo minne, kuanzia 164 hadi 152 KK, na kila mara alishinda mbio tatu, mojawapo ikiwa ya kukimbia na kofia ya vita na ngao. Jumla ni mataji 12. Rekodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 2,100, hadi mwogeleaji Mmarekani Michael Phelps alipopata ushindi wake wa 13 wa mtu binafsi mwaka 2016.

Kwetu, mfalme wa kurudia ushindi ni TP Mazembe ya Lubumbashi, fahari ya Katanga yote, na Kalemie ilikuwa ndani ya Katanga hadi mwaka 2015. Mazembe ni mabingwa wa vilabu vya Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, ikafungwa na Inter Milan 3-0.

Mfungaji asiyefikiwa
Misri, mwaka 1974. Ndaye Mulamba wa Zaire alifunga mabao tisa katika Kombe la Mataifa ya Afrika moja, na hadi leo hakuna aliyemfikia. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, ikabidi irudiwe, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalikuwa ya Ndaye. Mwaka huohuo Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia.

Pambano kubwa zaidi la ngumi
Mabondia wa Kigiriki walifunga mikono kwa kamba za ngozi. Hapakuwa na raundi wala madaraja ya uzito. Walipigana hadi mmoja ashindwe kabisa au ainue kidole kukubali kushindwa. Pambano linalokumbukwa zaidi katika ardhi ya Afrika ni la Kinshasa, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974. George Foreman alikuwa na miaka 25 na hakuwa amewahi kushindwa. Muhammad Ali, mwenye miaka 32, alimwacha apige mpaka achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya nane.

Mwanamke wa kwanza
Kyniska wa Sparta, dada wa mfalme Agesilaos, alishinda mbio za magari ya farasi mwaka 396 KK, na tena 392 KK. Hakuendesha yeye mwenyewe; taji lilikwenda kwa mwenye farasi. Kwa upande wetu wa Afrika, wanawake walilichukua kwa miguu yao wenyewe. Derartu Tulu wa Ethiopia alishinda mita 10,000 Barcelona mwaka 1992. Pamela Jelimo alikuwa Mkenya wa kwanza wa kike kupata dhahabu ya Olimpiki, Beijing 2008. Faith Kipyegon naye ametwaa mita 1,500 mara tatu mfululizo: 2016, 2021 na 2024.

Mbio ndefu zaidi
Wagiriki wa kale hawakuwa na marathoni katika michezo yao. Mbio zao ndefu zilikuwa za kilomita tano hivi. Marathoni ilianza mwaka 1896, na Afrika Mashariki ikaifanya yake. Abebe Bikila alishinda Roma mwaka 1960 akiwa peku. Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia kwa saa 2:00:35 huko Chicago mwaka 2023, wakati ambao hakuna aliyekuwa ameufikia kabla yake. Na John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeumia goti Mexico mwaka 1968, alimaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika. Orodha ya Olympia ilihifadhi washindi tu, isingemtaja. Sisi tumemtaja, na tumefanya vizuri.

Waliopaa juu zaidi, bila majina
Mwaka 1907, Mjerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg alifika katika ikulu ya mfalme Musinga wa Rwanda. Vijana walikimbia, wakakanyaga kichuguu cha urefu wa futi moja, na kuruka kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Aliandika kuwa bora wao waliruka mita 2.50. Wakati huo rekodi ya dunia ilikuwa mita 1.97. Hata tukitoa urefu wa kichuguu, ni mruko wa ajabu. Picha ipo, kipimo kipo, lakini majina ya vijana hao hayajulikani. Koroibos mpishi anajulikana baada ya miaka 2,800. Wao wamesahaulika baada ya karne moja tu.

Hapo ndipo penye funzo kwa Kalemie. Ziwa letu, Tanganyika, tunajua kuwa ndilo refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, kilomita 670 hivi, kwa sababu kuna waliolipima na kuandika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walimu wa michezo, viongozi wa vilabu, watangazaji wa redio: nunueni daftari. Andikeni jina, tarehe, mahali na matokeo, kwa wasichana na kwa wavulana, kwa mpira, mbio na kuogelea. Anzeni na mashindano yajayo.