Matibabu Yamelipiwa, Mbona Mwanafunzi Anaugua Kimya?

Kila inapokaribia Septemba, Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta hufurika jamaa waliokuja kumsindikiza kijana anayekwenda kusoma Uingereza. Ataombewa, atapigwa picha, atahimizwa asome kwa bidii na asisahau nyumbani. Ataulizwa kama amebeba sweta. Ni nadra kumsikia mtu akimwuliza: je, ukiugua utakwenda wapi?

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe limegharimu fedha nyingi. Mkenya anayeomba viza ya kusoma Uingereza kwa muda unaozidi miezi sita hutozwa ada ya huduma za afya kabla hata hajaionja baridi ya huko. Ada hiyo ilipoanza mnamo Aprili 2015 ilikuwa pauni 150 kwa mwaka. Tangu Februari 2024 ni pauni 776. Anayekwenda kusomea shahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa kawaida hupewa viza inayoupita mwaka huo kwa miezi kadhaa, kwa hivyo hulipa pauni 1,164, yaani karibu shilingi 200,000 za Kenya. Aghalabu fedha hizo zimetokana na kipande cha shamba kilichouzwa, mkopo wa chama cha akiba, au harambee ya kijiji kizima.

Waama, ada hiyo ni mzigo mzito na sina nia ya kuitetea. Lakini maadamu imekwisha kulipwa, linalonishangaza ni jinsi tunavyoiacha ilale. Inampa mwanafunzi haki ya kutibiwa katika huduma ya afya ya taifa hilo, iitwayo NHS, takriban sawa na mwenyeji. Analotakiwa kufanya ni kujiandikisha kwa daktari wa mtaa anamoishi, na kisheria hahitaji kuonyesha kitambulisho wala ithibati ya anwani. Kumwona daktari huyo ni bure, na kulazwa hospitalini pia ni bure. Dawa anazoandikiwa hulipiwa England, ilhali Scotland na Wales hazilipiwi. Kwa dharura ya kufa na kupona hupigwa simu 999. Kwa ugonjwa usioweza kungoja lakini usiohatarisha maisha, 111.

Kumbe wapo wanaopitisha mwaka mzima bila kujiandikisha, kwa kuwa wiki ya kwanza walikuwa wazima. Homa ikiwapata wanameza vidonge walivyofungiwa na mama, kisha wanapiga simu nyumbani na kusema, "Hatujambo huku, baridi tu."

Hiyo "baridi tu" ndiyo inayonitia wasiwasi. London mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa kumi jioni. Mtu aliyezoea saa kumi na mbili za mwangaza kila siku ya maisha yake hujikuta akiingia darasani alfajiri ikiwa bado nzito na kutoka giza likiwa limerudi. Madaktari wa huko huwashauri watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza vitamini D mwaka mzima, kwani jua la nchi hiyo haliwatoshi. Ongeza kazi za usiku, ambazo sheria huziwekea kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo kwa wengi wa wanafunzi hawa, na deni linalongoja nyumbani. Ongeza pia kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wengi, isipokuwa hasa wale wa shahada za utafiti, hawaruhusiwi kwenda na mume, mke wala watoto. Mama aliyewaacha wanawe Nakuru analala katika chumba ambamo hakuna wa kumwamkia.

Vyuo vikuu vya huko vina ofisi za ushauri nasaha, na mwanafunzi halipi chochote. Foleni huwa ndefu, ni kweli, na mshauri huenda asielewe maana ya kuwa kifungua mimba anayetazamiwa kuwasomesha wadogo zake watano. Hata hivyo kizuizi kikubwa hakiko mlangoni pa ofisi hiyo. Kijana anahofu kwamba siri yake itafika kwa maafisa wa uhamiaji na viza ifutwe, ilhali anayoyasema humo huhifadhiwa, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Na zaidi ya viza, anahofu kwamba nyumbani watasikia.

Hofu hiyo hakuiokota London. Amekulia katika nchi ambayo kifungu cha 226 cha sheria yetu ya adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Waingereza, ambao sheria yao ndiyo tuliyoirithi, walikuwa wameiondoa kwao mwaka wa 1961. Na hata bila sheria, sisi wazazi tumemfunza kwamba machozi ya aliyechangiwa nauli ni utovu wa shukrani. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Mara ngapi tumeketi katika mikutano ya michango ya kuusafirisha mwili, tukiulizana mbona hakusema?

Ewe mzazi, simu ya Jumapili isianze na matokeo ya mtihani. Muulize jina la daktari wake. Asipokuwa na jibu, mwambie ajiandikishe kesho yake. Mwulize pia ni nambari ya nani aliyoiandikisha chuoni ili ipigwe akipatwa na dhara, kwani chuo humhesabu kuwa mtu mzima na huenda kisikuarifu lolote bila idhini yake. Ikiwa aliandika ile laini yako ya zamani uliyoacha kuitumia, abadilishe. Naye anayelemewa usiku wa manane, asiye na wa kuzungumza naye, huko Uingereza kuna nambari 116 123 ya shirika la Samaritans. Hupokewa saa zote na haitozwi hata senti.