Fahamu: Filamu za makala na haki za wavujajasho

Ni filamu gani hizi?

Filamu ya makala huonyesha watu na matukio ya kweli. Watengenezaji filamu weusi wameitumia kufuatilia mapambano ya ujira na makazi. Mfano mzuri ni "I Am Somebody" (1970) ya Madeline Anderson, kuhusu mgomo wa 1969 huko Charleston, Marekani, wa wahudumu weusi wa hospitali zaidi ya 400, wengi wao wanawake. Msimulizi wake ni mmoja wa waliogoma.

Kwa nini inawahusu watu wa Mara?

Ziwa Victoria lilivuma duniani kupitia "Darwin's Nightmare" (2004) ya Hubert Sauper wa Austria, iliyopigwa Mwanza. Ilifichua umaskini uliozunguka biashara ya sangara. Mwaka 2006 Rais wa Tanzania, Jakaya Kikwete, akaikosoa hadharani. Mjadala ukawa wa sifa ya nchi, mvuvi akasahaulika. Angeulizwa, mvuvi wa Mwigobero, Musoma, au wa Bunda, mkoani Mara, angeanza na hesabu: tajiri mwenye mtumbwi hutoa kwanza gharama za mafuta, kinachobaki ndicho hugawanywa, na samaki wakiadimika kibarua hurudi kambini mikono mitupu.

Wapo watakaosema mgeni huona tulichokizoea hadi hatukioni tena. Ni kweli kwa kiasi. Anderson naye hakuwa mhudumu wa hospitali. Lakini aliwaachia wagomaji waeleze madai yao, na mtazamaji huondoka akiyajua: mshahara bora na chama chao kutambuliwa. Kwa Sauper, huondoka na huzuni, bila kujua mvuvi anamdai nani.